Kuziba Matundu ya Hita kwenye Volkswagen Beetle: Kopo, Kifuniko cha PVC au Bati?

Mwenye Volkswagen Beetle ya zamani anayeishi Dar es Salaam, Tanga au Mombasa hana kazi kubwa na hita, na mara nyingi hita hiyo ndiyo sehemu ya gari inayooza mapema. Makasha ya joto yanayozunguka paipu za ekzosi huliwa na kutu, fundi huyaondoa na kufunga mahali pake paipu tupu zenye umbo la herufi J, na kuanzia siku hiyo gari hubaki na matundu ambayo kiwanda hakikukusudia yawe wazi. Vizibo vilivyotengenezwa maalumu kwa kazi hiyo vipo, lakini kuviagiza ng'ambo ni gharama ambayo wengi hawaoni sababu ya kuiingia, hivyo watu hutumia kilicho karibu: kopo la nyanya, kifuniko cha bomba la maji, mpira wa tenisi, kipande cha bati. Ulinganisho huu unakusudia kumsaidia mtu achague kati ya vitu hivyo. Msimamo wangu ni kwamba uchaguzi uanze na tundu ndipo uje kwenye kifaa, kwa sababu kitu kinachofaa kabisa kwenye tundu moja chaweza kuyeyuka au kuwaka moto kwenye tundu jingine lililo chini yake kidogo.

Matundu yenyewe

Injini ya Beetle hupozwa kwa hewa. Feni iliyofungwa nyuma ya dinamo huvuta hewa kutoka ndani ya chumba cha injini na kuisukuma chini kupitia kava la feni hadi kwenye mapezi ya silinda nne, yaani mabamba membamba ya kutoa joto, na injini inapokimbia sana feni hiyo hupitisha takribani lita 500 za hewa kila sekunde. Kuanzia modeli za 1963, kava hilo lilipewa midomo miwili, mmoja kushoto na mwingine kulia, inayochepusha sehemu ya hewa kwenda kwenye makasha ya joto kwa njia ya hosi za karatasi na alumini. Kutoka kwenye makasha, hewa iliyopata joto huingia kwenye mifereji iliyo ndani ya vizingiti vya milango, kisha hutokea miguuni mwa dereva na chini ya kioo cha mbele. Magari ya kabla ya hapo yalitumia hewa iliyokwisha kupita kwenye silinda, na kava lake halina midomo hiyo, kwa hiyo mwenye gari la aina hiyo ana kazi ndogo zaidi.

Makasha yakishaondolewa, sehemu tatu hubaki wazi. Ya kwanza ni midomo miwili ya kava la feni. Ya pili ni matundu ya duara kwenye mabati yanayoizunguka injini, ambamo hosi zilikuwa zikipita kwenda chini. Ya tatu ni midomo ya mifereji kwenye bodi, chini ya gari, mbele ya injini, kila upande mmoja.

Watu wengi huziba ya kwanza tu na kuamini kazi imekwisha, lakini hapo wamefanya nusu yake. Mabati yanayoizunguka injini, pamoja na mpira unaopita kando yake, yana kazi ya kutenganisha hewa baridi iliyo juu na hewa ya moto iliyo chini, kule kwenye ekzosi. Tundu la bati likiachwa wazi, hewa iliyokwisha kupashwa moto na injini hupanda tena kwenye chumba, feni huivuta na kuirudisha kwenye silinda zilezile. Midomo ya kava nayo ikiwa wazi, hewa inayotoroka ni ile iliyotakiwa kupoza. Midomo miwili yenye kipenyo cha milimita 50 kila mmoja ina eneo la karibu sentimita 39 za mraba, na huo ni upotevu mkubwa kwa injini isiyokuwa na maji wala rejeta ya kuisaidia. Injini hii inalimudu joto la Afrika Mashariki, kwani Tommy Fjastad aliendesha Beetle na kushinda mashindano ya magari ya Safari Rally ya mwaka 1962, lakini inalimudu pale tu hewa yake yote inapofika inapotakiwa. Nairobi, ambako mwinuko unakaribia mita 1,800, hewa yenyewe ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu asilimia 16, hivyo hakuna ya kupoteza.

Kwenye kava la feni

Hapa ndipo uchaguzi ulipo mpana, kwa sababu mazingira ni ya upole. Hewa inayogusa mdomo huu ni ya chumba cha injini, haijapita kwenye silinda, na msukumo wake ni mdogo. Masharti ni mawili tu: kizibo kisiweze kupulizwa nje kwa mtikisiko, na kisiweze kabisa kudondokea ndani. Kitu kilichoanguka ndani ya kava hukaa juu ya mapezi ya silinda na kuzuia hewa mahali ambapo huwezi kukiona bila kulifungua kava lote. Kwa sababu hiyo napendelea kizibo kinachovaa mdomo kwa nje kuliko kinachoingizwa ndani, na karibu kila ninachokisema hapa chini kinatokana na upendeleo huo.

Kabla ya yote, pima mdomo wa gari lako kwa nje. Mingi ina takribani milimita 50, lakini makava yamebadilishwa mara nyingi katika maisha ya magari haya, na mengine ni ya viwanda vingine, kwa hiyo usinunue kitu kwa kukisia.

Kopo la nyanya la gramu 70, lile dogo linalouzwa kila duka la mtaani, ndicho kizibo cha bei ndogo kuliko vyote ambacho bado nakiheshimu. Kipenyo chake ni milimita hamsini na kidogo, na limetengenezwa kwa chuma chembamba kilichopakwa bati, hivyo halibonyei ovyo. Likatwe libaki na kina cha sentimita tatu hivi kutoka kwenye kitako, kingo zipigwe msasa, kisha ukingo wake uchanwe kwa mkasi wa bati mara nne au tano kuelekea kitako, michano mifupi ya sentimita moja na nusu. Michano hiyo ndiyo siri ya kazi yenyewe, kwa kuwa klipu ya hosi inapokazwa, vipande vilivyochanwa hujikunja na kuubana mdomo pande zote. Bila michano, klipu hulibonyeza kopo upande mmoja na kuacha mwanya upande wa pili. Mstari mwembamba wa silikoni ya gasketi ndani yake humaliza kazi. Udhaifu wake ni kutu, hasa pwani, ambako sehemu zilizokatwa hubadilika rangi haraka. Rangi ya kupuliza inayostahimili joto hupunguza tatizo hilo lakini hailiondoi.

Kopo jembamba la kinywaji la mililita 250, lenye kipenyo cha takribani milimita 53, huonekana kuwa mbadala wa kopo la nyanya, na kwa macho linavutia zaidi kwa sababu halishiki kutu. Mimi silipendekezi kwa zaidi ya safari ya kurudi nyumbani. Kuta zake ni nyembamba mno, meno ya klipu huzikata, na mtikisiko wa injini hupanua mkato huo mpaka kitako kinachomoka.

Kifuniko cha mwisho cha bomba la PVC ndicho ninachokichagua kwa gari linalotumika kila siku. Hakishiki kutu, kinavaliwa kwa nje, kina ukuta mnene, na kikibanwa vizuri kwa silikoni hakihitaji hata klipu, ingawa ningeiweka klipu tu, maana kifuniko kigumu hakijikunji kama kopo na kinategemea zaidi gundi. Mtego wake uko dukani. Ukimwambia muuzaji wa vifaa vya ujenzi unataka kifuniko cha inchi mbili, aghalabu atakupa cha bomba la milimita 63, kwa sababu bomba la milimita 50 ndilo linaloitwa la inchi moja na nusu. Nenda na kipimo cha milimita, au nenda na kipande cha hosi yako ya zamani. Mtego wa pili ni joto: PVC huanza kulainika joto linapokaribia nyuzi 80 za Selsiasi. Juu, kwenye kava, si rahisi joto lifike huko wakati feni inazunguka. Chini ya mabati litafika kwa dakika chache.

Kuna pia kizibo cha mpira kinachotanuka, ambacho huwa na diski mbili za chuma, mpira katikati na nati ya kukazia, na mafundi bomba hukitumia kupima mabomba ya maji machafu. Kinaingia ndani ya mdomo, jambo ambalo nimekwisha kusema silipendi, lakini kikikazwa sawasawa kinashika kwa nguvu kuliko vyote vilivyotajwa, na kinatoka bila kuacha alama. Anayekitumia awe na mazoea ya kuikagua nati kila anapokagua oili. Vizibo vya chuma vya matundu ya maji ya bloku za injini zinazopozwa kwa maji, ambavyo maduka ya spea huviuza kwa vipimo vya milimita, navyo huingizwa kwa kugongwa. Hivyo ni vizuri ikiwa kava limeshatolewa na kulazwa mezani, lakini kugonga kava likiwa kwenye injini ni kulipinda, na kava lililopinda huweza kuikwangua feni.

Njia ya kuunganisha mdomo wa kushoto na wa kulia kwa hosi moja inastahili kutajwa kwa sababu ina akili ndani yake. Msukumo wa hewa pande zote mbili unakaribiana, kwa hiyo hewa haina sababu kubwa ya kutembea kutoka upande mmoja kwenda mwingine, na hakuna kitu kilichokatwa wala kutobolewa. Tatizo ni njia ya hosi. Italazimika kukatiza eneo la mkanda wa feni na puli, na hosi ya karatasi iliyolegea ikigusa mkanda unaozunguka itachanika mara moja na huenda ikaung'oa mkanda wenyewe. Beetle ikipoteza mkanda hupoteza feni na dinamo kwa pamoja. Kama huna namna ya kuifunga hosi hiyo imara mbali na mkanda, iache njia hii.

Matambara, sponji na mipira ya tenisi sitayazungumzia kwa urefu. Tambara hunywa oili na mvuke wa petroli, na liko karibu na kabureta na pampu ya mafuta. Mpira wa tenisi una kipenyo cha kati ya sentimita 6.54 na 6.86, kwa hiyo kuusukuma kwenye mdomo wa milimita 50 ni kuukandamiza kwa nguvu, na kitu kilichokandamizwa kwenye mdomo wa duara hutafuta kuchomoka. Utepe wa gundi peke yake huachia gundi inapopata joto. Kizibo cha mbao, hata kikichongwa na seremala hodari, husinyaa kikikauka.

Inabaki njia ya kudumu, ambayo ni kukata midomo na kuchomelea bati. Matokeo yake ni masafi, na kwa injini inayofunguliwa kwa matengenezo makubwa naiona kuwa njia bora kabisa. Lakini bati la kava ni jembamba, na mashine ya umeme ya vijiti hulitoboa mikononi mwa fundi asiyelizoea, hivyo tafuta anayechomelea kwa gesi. Mabati ya kuezekea, yaliyopakwa zinki, yasitumike, kwa kuwa moshi wa zinki inayoungua ni sumu kwa mchomeleaji. Kazi hii isifanywe kava likiwa kwenye gari: bloku ya injini hii ni ya aloi ya magnesi, na pampu ya mafuta iko jirani. Zaidi ya hayo, kava la asili lenye midomo ni mali, na likikatwa, atakayetaka kurudisha hita ya gari hilo atalazimika kutafuta jingine.

Kwenye mabati ya injini

Hapa sina orodha ya kuchagua. Upande wa chini wa bati hili unatazamana na paipu ya ekzosi, na kitu chochote cha plastiki, mpira wa kawaida au alumini nyembamba ni makosa. Kinachofaa ni diski ya chuma iliyozidi tundu kwa sentimita moja na nusu kila upande, iliyokatwa na fundi bati. Mafundi wa Gerezani, Dar es Salaam, au Kamukunji, Nairobi, wataikata huku ukisubiri. Hoja ya kuamua ni namna ya kuifunga tu. Riveti ni za haraka na hazilegei, lakini zikishapigwa, kuzitoa ni kuzitoboa. Boliti ndogo mbili zenye nati za kujikaza huchukua muda zaidi na huacha mlango wa kurudi nyuma. Kwa gari ninalolithamini kwa uasili wake ningetumia boliti, tena kwenye matundu yaliyokwisha kuwapo ikiwezekana. Kati ya diski na bati pakwe silikoni ya joto kali, ile ambayo kopo lake limeandikwa kwamba inavumilia nyuzi 250 au zaidi. Kitako cha kopo kikubwa la maziwa ya unga chaweza kuwa diski ya muda, kwa kuwa nacho ni chuma, lakini kipigwe boliti kama diski nyingine yoyote. Kubandika kwa silikoni pekee hakutoshi, kwani kikidondoka chini kitaangukia kwenye ekzosi.

Kwenye midomo ya bodi

Sehemu hii haina uhusiano na joto la injini, na kwa sababu hiyo wengi huiacha wazi. Mimi naipa uzito kuliko hata kava, kwa sababu inamhusu aliye ndani ya gari. Mdomo ulio wazi chini ya gari huingiza vumbi la barabara ya changarawe, maji ya madimbwi, panya, na moshi wa ekzosi inayovuja. Moshi huo una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu inayoua, na mfereji wa hita ni njia iliyonyooka kuelekea miguuni mwa dereva. Mwenye gari ambalo makasha ya joto bado yapo lakini yametoboka kwa kutu aifanye kazi hii kabla ya nyingine yoyote.

Kwa kuwa hapa hapana joto kali, kifuniko cha PVC au cha mpira chenye klipu kinatosha, mradi kiwe mbali na paipu ya ekzosi. Kati ya viwili hivyo nauchagua mpira, kwa kuwa midomo hii aghalabu imeliwa na kutu na haina tena umbo la duara kamili, na mpira hufuata umbo unalolikuta. Kopo hapa halifai, kwa sababu matope na maji ya barabara hulimaliza. Kabla ya kuziba, hakikisha mfereji umekauka. Vizingiti vya Beetle huoza kutoka ndani, na kufungia unyevu humo ni kuharakisha kuoza kwa sehemu inayobeba uimara wa bodi nzima. Pulizia ndani nta au oili ya kuzuia kutu kwa mrija mrefu, na wakati wa kiangazi vifungue vifuniko kwa siku kadhaa gari likiwa limeegeshwa.

Ikiwa makasha ya joto bado yapo

Yapo magari ambayo makasha ni mazima, na mwenye gari anataka tu hewa yote iende kwenye silinda wakati wa joto. Hapo nashauri asizibe midomo ya kava. Hewa inayopita kwenye kasha huondoa joto la paipu ya ekzosi iliyo ndani yake, na ukiikata, joto hilo hukaa palepale karibu na silinda hedi. Badala yake arekebishe waya na vilango vinavyofunguliwa kwa wenzo zilizo karibu na breki ya mkono, maana lawama nyingi zinazotupiwa hita ni za vilango vilivyokwama. Anayeishi Limuru, Njombe au Lushoto atashukuru kuwa na hita hiyo asubuhi za Juni na Julai, kioo cha mbele kinapofunga ukungu.

Kuchagua na kukagua

Aliyekwama njiani baada ya hosi kuchanika atumie kopo la nyanya na klipu kwenye kava. Hilo litamfikisha, na likipakwa rangi litadumu hata miezi mingi. Mwenye gari la kila siku lenye paipu za J atumie vifuniko vya PVC juu, diski za chuma katikati na mpira kwenye bodi, na gharama yote haitazidi kununua vitu vidogo katika duka la vifaa vya ujenzi. Anayeifungua injini yote, na ambaye kava lake tayari limechakaa, achomelee. Anayetunza gari lenye sehemu zake za asili atumie kizibo cha mpira kinachotanuka juu na boliti kwenye diski, na aziweke hosi na makasha yake ghalani yakiwa yamefungwa na kupakwa oili.

Baada ya kufunga, washa injini na shika kipande cha karatasi laini karibu na kila kizibo cha kava, ukiwa umevua tai, mkufu au kitambaa chochote kinachoning'inia, na mkono ukiwa mbali na mkanda. Karatasi ikipepea kuelekea nje, pana mwanya. Kwenye diski za mabati njia hiyo haisaidii sana, hivyo zima injini, ingiza taa chini ya gari usiku na utazame kutoka juu: palipo na mwanga pana tundu. Kisha endesha kwa muda wa kutosha injini ipate joto kamili, iache ipoe kabisa, na ukaze klipu zote upya, kwa sababu kopo na mpira hutulia baada ya kupata joto mara ya kwanza na klipu iliyokuwa imekaza hulegea.